Volteji imepanda: kichocheo kimekufa, au njia imeziba?

Swali

Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo cha ufundi hapa Arusha. Tuna elektrolaiza ndogo, mashine inayopasua maji kwa umeme kutengeneza hidrojeni, ile ya utando, yenye seli tano, kila seli ina eneo la sentimita za mraba 50. Inaendeshwa na paneli za sola moja kwa moja, bila betri. Ilipokuwa mpya, kwa ampea 50 tulikuwa tunasoma volti 9.2. Mwezi wa kwanza zilishuka kidogo, tukafurahi. Sasa ni mwezi wa nane na tunasoma 10.3. Muuzaji anasema kichocheo cha iridiamu, ile metali adimu, kimekwisha, tununue tando mpya zilizopakwa kichocheo, na bei yake ni karibu nusu ya bei ya mashine nzima. Kweli kichocheo kinakwisha kwa miezi minane? Tufanye nini kidumu? Au tungehamia kwenye mashine za alikali, zile zinazotumia maji ya potashi badala ya utando wa asidi? Maji tunayotumia ni maji ya betri ya dukani. Kwa ampea 2.5 ilikuwa inasoma 7.4, sasa ni 7.5, kama hiyo inasaidia.

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Umenirahisishia kazi bila kujua. Ile sentensi ya mwisho, ya ampea 2.5, uliyoichomeka kama nyongeza tu, ndiyo iliyobeba jibu. Usinunue kitu bado.

Tugawe kwa tano tupate hesabu ya seli moja. Kwa ampea 50, kila seli ilikuwa inakula volti 1.84, leo inakula 2.06. Imepanda kwa 0.22. Kwa ampea 2.5 ilikuwa 1.48, leo ni 1.50. Imepanda kwa 0.02 tu. Mashine ni ileile na miezi ni ileile minane, lakini ugonjwa unaonekana ukiitwika mzigo mkubwa, na ukiitwika mdogo unajificha.

Kichocheo kilichochoka hakina tabia hiyo. Kichocheo hutoza ushuru wake mlangoni. Maji yanahitaji volti 1.23 ili yaachane, hiyo ni bei ya maumbile na hakuna wa kuipunguza kwa joto la kawaida. Juu yake seli inaongeza volti kidogo ili mmenyuko uende kwa kasi inayotakiwa, na kazi ya kichocheo ni kufanya nyongeza hiyo iwe ndogo. Kikichoka, nyongeza inapanda kwa kiasi karibu kilekile, upitishe mkondo mdogo au mkubwa. Ukinzani ni jambo jingine. Ukinzani ni kichochoro chembamba: watu wawili wakipita hawagusani, wakipita hamsini wanasukumana. Kadiri mkondo unavyozidi, ndivyo unavyokugharimu.

Weka namba zako kwenye milinganyo miwili ya sekondari, moja ya ampea 50 na nyingine ya 2.5, utaona kwamba ukinzani umeongeza milivolti 210 hivi kwa kila seli, na kichocheo kimeongeza kama 10. Kumi kati ya 220. Kwa hiyo kichocheo chako kimechoka kidogo, sikatai, lakini hakijafa. Kilichoharibika ni njia ya umeme kwenda na kutoka kwake.

Muuzaji huenda si mwongo. Ukifunga tando mpya volteji itashuka kweli, kwa sababu utando mpya ni msafi, naye ataonekana alikuwa sahihi. Lakini chanzo kitakuwa bado kipo, na baada ya miezi minane mingine utanitumia swali hilihili.

Kabla sijaenda mbele, ujue hasara yenyewe ni kiasi gani, maana watu huangalia volti bila kuzigeuza kuwa umeme wa kulipia. Kila volti moja ya seli hugharimu kilowati-saa 26.6 kwa kilo moja ya hidrojeni. Kwa volti 1.84 ulikuwa unatumia karibu kilowati-saa 49 kwa kilo, sasa ni karibu 55. Kwa mashine yako inayotoa gramu 9 na kitu kwa saa, hiyo ni pesa ya chai. Kwa kiwanda, ni tofauti ya faida na hasara. Ndiyo maana seli nzuri za viwandani hupimwa kwa milivolti chache tu za kupanda kila saa 1,000, na lengo ni zidumu makumi ya maelfu ya saa.

Sasa, njia imezibwa na nini? Nina washukiwa wawili, na nadhani wote wawili wamo.

Wa kwanza ni hayo maji. Jina "maji ya betri" linanitia wasiwasi kila nikilisikia. Kwenye gereji moja ni maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke. Kwenye duka la jirani ni maji ya bomba yaliyopitishwa kwenye resini, zile punje zinazonasa chumvi za majini, ambazo hakuna anayekumbuka zilibadilishwa lini. Na kuna mafundi ambao ukiwaambia "maji ya betri" wanakupa asidi. Betri ya gari inavumilia. Utando wako hauvumilii. Utando huo ni plastiki yenye vishikizo vya asidi ndani yake, na protoni, yaani hidrojeni iliyopoteza elektroni, hupita kwa kuruka kutoka kishikizo hadi kishikizo. Ioni, yaani chembe zenye chaji, za sodiamu, kalsiamu, chuma au shaba zikiingia na maji, zinakaa kwenye vishikizo hivyo na kukataa kuondoka. Ya kalsiamu moja inakalia viti viwili. Protoni zinabaki na njia chache, ukinzani unapanda, na hakuna kichocheo chochote duniani kitakachorekebisha hilo.

Najua utaniambia mmepima kwa kile kikalamu cha TDS, cha kukadiria chumvi zilizoyeyuka majini, na kikasoma 000. Kikalamu hicho hakioni chini ya moja. Moja yake ni kama mikrosimensi 2 kwa sentimita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, na watengenezaji wengi wa elektrolaiza za utando wanataka maji yasiyozidi 1, na wanapendelea 0.1. Kwa hiyo 000 yako inaweza kuwa maji yenye uchafu mara kumi ya unaotakiwa, na kikalamu kinakuchekea tu. Tafuta kipimo cha upitishaji umeme kinachosoma hadi sehemu ya mia ya mikrosimensi. Halafu usipime kwenye chupa peke yake. Pima kwenye tangi, na pima maji yanayorudi kutoka kwenye seli. Maji safi kabisa yakikaa wazi hunywa kabonidioksidi ya hewani na kufika karibu mikrosimensi 1 yenyewe. Kwa sababu hiyo mashine zilizoundwa vizuri huwa na mkebe wa resini ndani ya mzunguko wenyewe, maji yakizunguka yanasafishwa tena na tena. Kama mashine yenu haina, huo ndio ununuzi wa kwanza ninaoushauri, na bei yake haifanani hata kidogo na ya tando.

Kwa Arusha kuna jambo la ziada. Maji ya chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, wewe unajua kuliko mimi, meno ya watu yanasema, na serikali ilikiweka kituo cha Ngurdoto kwa ajili ya utafiti wa kuiondoa. Makaa ya mifupa yanatosha kwa maji ya kunywa. Kwa elektrolaiza hayatoshi hata kidogo. Ardhi ya volkano pia hutoa silika. Viwili hivi, floraidi na silika, hushikwa na resini kwa mkono dhaifu, kwa hiyo resini ikianza kujaa, hivyo ndivyo vinavyotoroka kwanza. Silika ina ujanja zaidi: haipitishi umeme wa maana, hivyo kipimo chako kinaweza kusoma vizuri huku inapita. Badilisha resini kwa hesabu ya lita zilizopita. Ukisubiri hadi kipimo kilalamike, umechelewa.

Na floraidi inakugusa kwa upande mwingine. Ndani ya seli, upande wa anodi, inakotoka oksijeni, umeme unafika kwenye kichocheo kupitia sahani yenye matundu ya titaniamu. Titaniamu inadumu katika asidi kwa sababu imejivika ngozi nyembamba ya oksidi, na floraidi kwenye asidi inaila ngozi hiyo. Isitoshe, sisi mafundi tuna desturi ya kupima floraidi kwenye maji yanayotoka ili tujue kama utando umeanza kumomonyoka, maana utando wenyewe una florini ndani yake. Kwenu kipimo hicho kitakudanganya ikiwa maji yanayoingia tayari yanayo. Pima yanayoingia na yanayotoka, uangalie tofauti.

Nikusimulie kimoja. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa mahali fulani, sitapataja, mashine mpya ilikuwa imepanda volteji ndani ya wiki sita. Maji yao yalikuwa mazuri ajabu, mashine ya RO ya kuchuja chumvi kwa presha, resini mbili, kila kitu. Nilipima kwenye tangi: safi. Nilipima kwenye mlango wa seli: si safi. Nikafuata bomba kwa mkono hadi nyuma ya ukuta nikakuta kiungio kimoja cha shaba nyeupe, cha kawaida cha mafundi bomba, kimefungwa kwa utepe mweupe vizuri kabisa. Cha plastiki kilikuwa kimekosekana dukani siku ile. Maji safi sana yana njaa. Yanaramba shaba na zinki kwenye kiungio kama mtoto anavyoramba sukari. Tulipofungua seli, kathodi, upande inakotoka hidrojeni, ilikuwa na rangi ya senti mpya: shaba ilikuwa imejipaka juu ya platinamu. Kwa hiyo fuata bomba lako lote kwa mkono. Usitegemee mchoro.

Chuma ndicho kibaya kuliko vyote kwa mashine ya aina yako, na kinatoka kwenye pampu, koki na mabomba ya chuma kisichoshika kutu ambacho hakikusafishwa vizuri. Kinakalia viti vya protoni kama wenzake, na zaidi ya hapo, kikikutana na peroksidi ya hidrojeni inayojitengeneza kidogokidogo ndani ya seli, kinazaa chembe kali zinazokatakata utando. Kukalia kiti kunarekebishika. Kukata hakurekebishiki.

Mshukiwa wa pili ni kuwasha na kuzima. Umeniambia mwezi wa kwanza volteji ilishuka mkafurahi. Hapo ndipo niliposhtuka.

Mashine ikizimwa, hidrojeni iliyobaki upande wa kathodi haikai kimya. Inapenya utando taratibu hadi anodi. Huko inaikuta oksidi ya iridiamu na kuinyang'anya oksijeni, hata ngozi ya juu ya oksidi inarudi kuwa iridiamu tupu. Asubuhi ukiwasha, iridiamu hiyo inajivika oksidi upya, lakini oksidi mpya haifanani na ya kwanza. Ile ya kiwandani imechomwa kwa moto, imejipanga kama matofali. Hii mpya ni tifutifu na imejaa maji, kama chungu ambacho hakijaingia tanuri. Ina uso mkubwa zaidi, kwa hiyo inafanya kazi vizuri zaidi, na volteji inashuka. Mnafurahi. Lakini chungu kibichi huyeyuka kwenye maji. Oksidi hiyo inayeyuka kwa kasi kubwa kuliko iliyochomwa, na iridiamu iliyoyeyuka inahamia ndani ya utando na kujilaza huko bila faida kwa mtu.

Hili si nadharia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich walichapisha jaribio ambamo seli ilipandishwa, ikateremshwa na kuachwa bila umeme kwa zaidi ya mizunguko 700. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri zaidi, kama yenu. Baadaye ikazorota, na sehemu kubwa ya kuzorota ilikuwa ukinzani uliopanda kwenye titaniamu, ngozi yake ya oksidi ikinenepa mahali inapogusana na kichocheo. Seli iliyoshikiliwa kwenye umeme mdogo wakati wa mapumziko, badala ya kuachwa bila umeme, haikupata maradhi hayo.

Sasa hesabu mizimo yenu. Paneli bila betri, Julai, na wingu la Meru asubuhi: kila wingu likipita, kidhibiti kinaona umeme haufiki kiwango na kinakata. Ikiwa kinakata mara 20 kwa siku, miezi minane ni mizimo karibu 5,000. Kama kidhibiti kinatunza kumbukumbu, fungua uihesabu, maana idadi ya mizimo inanieleza umri wa seli kuliko idadi ya saa. Nimeona vichocheo vilivyofanya kazi mfululizo vikatoka karibu kama vilivyoingia, na vingine vilivyofanya kazi nusu ya saa hizo, kwa kukatizwakatizwa, vikatoka vimeliwa.

Dawa yake ni kumwambia kidhibiti apunguze mkondo asiukate. Wingu likija, mashine ishuke hadi ampea 5 na isubiri hapo. Kwa seli zako tano hiyo ni wati 40 hivi. Betri moja ya volti 12 ya ampea-saa 50 inabeba saa nyingi za wingu bila shida. Huna haja ya benki ya betri ya kuendesha mashine nzima, unahitaji ya kuishikilia tu. Mizimo 20 kwa siku inakuwa mmoja, wa jioni.

Lakini soma hapa mara mbili. Mkondo ukiwa mdogo, oksijeni inayotengenezwa ni kidogo, huku hidrojeni inayopenya utando haipungui kwa kiasi hicho. Kwa hiyo asilimia ya hidrojeni ndani ya oksijeni inapanda, na ikifika 4 una mchanganyiko unaolipuka. Presha ya hidrojeni ikiwa kubwa, unafika huko haraka. Kwa hiyo usiishikilie mashine kwa mkondo mdogo bila kuteremsha presha ya upande wa hidrojeni, bila maji kuzunguka, na bila kipimo cha hidrojeni kwenye bomba la oksijeni kinachokata umeme chenyewe kikifika asilimia 2. Kama hamna kipimo hicho, acha shauri la kushikilia hadi mkinunue. Na usiku, wakati hakuna mtu maabara, zima tu. Mzimo mmoja kwa siku utaubeba.

Jioni unapozima, teremsha presha kwanza hadi ya kawaida, kisha punguza mkondo polepole, kisha kata. Hidrojeni ikiwa kidogo upande wa kathodi, itakayopenya usiku nayo ni kidogo. Wenye naitrojeni huifukuza kabisa. Usimwage maji, utando ukikauka unajikunja na kuchanika, na hapo tutakuwa tunazungumza mambo mengine.

Utajuaje kati ya washukiwa hawa wawili nani amechangia zaidi? Kwa kuosha. Utando uliokaliwa na ioni huoshwa kwa asidi ya sulfuriki hafifu, nusu moli kwa lita, protoni zikaingia kwa wingi na kuzisukuma ioni nje ya viti vyao. Titaniamu yenye oksidi nene haitaponywa na hilo. Ukiosha na volteji ikarudi karibu na 9.2, kosa lilikuwa maji. Ikirudi nusu, wote wawili. Isiporudi, titaniamu, na hapo tando mpya peke yake zisingekusaidia pia, ungehitaji sahani za titaniamu zilizopakwa platinamu. Mashine za bei nafuu mara nyingi hazina mpako huo, muulize muuzaji.

Kuosha kwenyewe kuna masharti. Muulize mtengenezaji kama anaruhusu, kwa maandishi. Asidi iwe ya maabara, iliyo safi. Asidi ya betri ina chuma ndani yake, na utakuwa unaosha damu kwa damu. Tenga rundo la seli na mabomba yote ya chuma kabla ya kuanza, tumia pampu na mipira ya plastiki, maana asidi ikipita kwenye chuma itakuletea chuma kwenye utando. Umeme uwe umekatwa, hidrojeni imeshatolewa, dirisha wazi, miwani na glavu. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume. Baada ya hapo suuza kwa maji safi hadi yanayotoka yasome sawa na yanayoingia. Na lile jagi la kwanza la asidi inayotoka usilimwage: lipeleke maabara ya kemia wakapime kalsiamu, sodiamu, chuma na shaba. Kitakachokuwa kingi humo ndicho adui yako, na utajua bomba gani la kufuata.

Umeuliza kichocheo kidumishwe vipi, nami nimezungumza maji na swichi. Ni makusudi. Kwa ile sehemu ya kichocheo chenyewe, kuna mambo mawili ya uendeshaji ambayo yako mikononi mwako. Volteji ya seli isivuke 2 kwa muda mrefu, maana kadiri inavyopanda ndivyo iridiamu inavyoyeyuka na titaniamu inavyonenepa. Wewe leo uko 2.06, kwa hiyo teremsha mkondo hadi ampea 35 au chini wakati unasubiri kuosha. Na joto: digrii 80 hutoa matokeo mazuri kwenye karatasi, digrii 55 hadi 60 hutoa seli inayoishi. Mimi ningechukua 60.

Mengine ni ya watengenezaji na watafiti. Wanajitahidi kuichoma oksidi vizuri iwe ngumu bila kupoteza uso wake, na kutumia iridiamu kidogo zaidi. Mashine yako ina kama nusu gramu tu ya iridiamu, ukikadiria miligramu 2 kwa sentimita ya mraba. Lakini dunia nzima huchimba tani 7 au 8 tu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini kama masalia ya kuchimba platinamu, na zinagombewa na wengine wengi, hata plagi za magari zinataka. Kiwanda cha gigawati moja kwa teknolojia ya leo kinameza mamia ya kilo. Ruthenamu ina kasi zaidi ya iridiamu lakini inayeyuka mapema. Kilichonivutia mimi ni kazi ya taasisi ya RIKEN ya Japani. Mwaka 2019 walichukua oksidi ya manganizi, kitu cha bei ya chini kilichomo hata kwenye betri za tochi, ambacho kila mtu alijua kinayeyuka katika asidi. Wakatafuta ni kati ya volteji ipi na ipi hakiyeyuki, wakakishikilia humo, kikafanya kazi zaidi ya saa 8,000. Mkondo ulikuwa mdogo sana, miliampea 10 kwa sentimita ya mraba, wakati wewe unapitisha 1,000, kwa hiyo hakiji kwenye mashine yako kesho. Lakini hawakukibadili kichocheo chenyewe. Walibadili namna ya kukitumia.

Kuhusu kuhamia alikali. Huko kichocheo ni nikeli, hakuna iridiamu wala platinamu ya lazima, na ni teknolojia ya wazee: kiwanda cha Vemork huko Norwe kilianza 1929, na hapa kwetu Afrika kiwanda cha Sable Chemicals cha Kwekwe, Zimbabwe, kilitengeneza hidrojeni ya mbolea kwa umeme kwa miongo kadhaa hadi 2015, bei ya umeme ilipokishinda. Lakini angalia viwanda hivyo vilikuwa na nini: umeme wa mabwawa, mchana na usiku. Ukiileta nikeli kwenye sola isiyo na betri, utakutana na tatizo lako lilelile kwa sura nyingine. Mashine ya alikali ikizimwa, seli zinazochangia mirija ya maji zinakuwa kama betri, mkondo unarudi kinyumenyume kupitia mirija hiyo, na kathodi iliyozoea kupokea elektroni inaanza kuzitoa na kuoksidika. Dawa ni ileile, mkondo mdogo wa kuilinda wakati wa mapumziko. Kwa hiyo kama hamtarekebisha kidhibiti, kuhama hakutawasaidia.

Jambo moja la huko litakushangaza. Chuma, ambacho nimekuambia ni adui yako mkubwa, kwenye anodi ya nikeli ndani ya alikali ni msaidizi. Kiasi kidogo sana cha chuma kwenye potashi kinaingia kwenye oksidi ya nikeli na kuongeza kasi yake mara nyingi. Imejulikana tangu miaka ya 1980, na baadaye ikaonekana kwamba sehemu ya sifa iliyopewa nikeli miaka yote hiyo ilikuwa ya uchafu wa chuma uliomo kwenye potashi ya kununua. Chuma hicho kinatoka na kurudi mahali pake wakati mashine inafanya kazi, kama mtu anayejiziba jeraha mwenyewe. Kikizidi, kinaenda kujipanga kama miiba kwenye kathodi. Msije tu mkachanganya pampu za mashine mbili hizi siku moja.

Basi wiki hii fanya hivi. Fuata bomba lote. Hesabu mizimo. Nunua kipimo kinachosoma sehemu ya mia. Pima tena kwa ampea 2.5, 10, 25 na 50, mashine ikiwa kwenye joto lilelile kila mara, maana seli baridi husoma juu na utafikiri imeugua. Pima seli moja moja pia, si jumla tu. Nisingeshangaa kama tatu ni nzima na mbili ndizo zinazobeba balaa lote. Niandikie namba zote hizo kabla ya kuosha. Na chupa moja ya hayo maji ya betri usiifungue, iweke. Tukipata kipimo kizuri nataka kujua mmekuwa mkiinywesha mashine kitu gani.